Biblia inajipinga? Tuanze na umri wa Ahazia

Kuna listi inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mwaka hadi mwaka, "mikanganyiko ya Biblia", na wanaokumbuka mihadhara ya viwanjani wanaijua, ni ile ile tu. Akiiposti mtu grupu linagawanyika papo hapo, hawa wanasema kitabu chote hakifai, wale wanasema hakuna hata nukta iliyokosewa na anayeuliza ana pepo la ubishi. Mi naona pande zote mbili zinakosea pamoja, zote zinaisoma Biblia kama vile mtu mmoja alikaa mezani akaiandika kwa mkupuo mmoja. Wakati ni vitabu 66 (Wakatoliki 73), ndani yake kuna sheria, mashairi, barua, kumbukumbu za wafalme, ndoto, na vimeandikwa kwa karne nyingi na watu ambao wengi wao hawakuonana.

DHANA: Biblia haina kosa, hata la namba

Haya fungua 2 Wafalme 8:26, Ahazia alianza kutawala Yuda akiwa na miaka 22. Nenda 2 Nyakati 22:2, maandishi ya Kiebrania yanasema 42. Sasa baba yake Ahazia, yaani Yehoramu, alianza kutawala ana miaka 32, akatawala 8, akafa, yaani kafa na miaka 40, na mtoto karithi hapo hapo. Kwa hiyo mtoto kamzidi baba miaka miwili. Na kinachonichekesha zaidi, mstari wa kwanza wa sura hiyo hiyo unasema Ahazia ndiye alikuwa mtoto mdogo, kaka zake wote walishauawa!

Ukweli: ni kosa la mnakili, basi. Maandiko yalinakiliwa kwa mkono karne kwa karne na namba ndizo zinazoteleza kirahisi kuliko kitu kingine. Baadhi ya nakala za kale za Kigiriki na za Kisiria zina 22 hapo hapo kwenye Nyakati. Mfalme Yehoyakini naye ni hivyo hivyo, anaanza kutawala na miaka 18 kwenye Wafalme halafu 8 kwenye Nyakati, na mabanda ya farasi wa Sulemani ni 40,000 huku na 4,000 kule. Mtumishi akija kuniambia kwamba ile 42 ina fumbo la kiroho nitamsikiliza kwa heshima zote ila sitamwamini. Lakini na wewe unayeshangilia, niambie ni fundisho gani la Biblia linalosimama juu ya umri wa Ahazia?

DHANA: Kanisa lilizificha hizi tofauti, intaneti ndo imezifichua

Hii ndo inanishangaza kuliko zote. Kwenye mwaka 170 hivi jamaa mmoja anaitwa Tatiano alichukua Injili zote nne akazisuka zikawa moja, inaitwa Diatesaroni, habari imenyooka, marudio yametoka. Makanisa ya Syria yaliitumia kwa vizazi kadhaa na waliipenda. Halafu karne ya 5 askofu Theodoreto wa Cyrrhus akapita kwenye makanisa yake akakusanya nakala zaidi ya 200, akaziondoa, akarudisha Injili nne. Yaani watu walishaletewa toleo lisilo na ugomvi wakalikataa wakabaki na lile lenye maswali! Anayeficha kitu hafanyi hivyo. Na Augustino wa Hippo, Mwafrika wa huko inapoitwa Algeria leo, karibu mwaka 400 aliandika kazi nzima kuhusu sehemu ambazo Injili zinaonekana kutokukubaliana. Wewe unamtumia mchungaji skrinshoti ukidhani umemshtua.

DHANA: Tofauti yoyote ni mgongano

Hapana. Yohana anamtaja Mariamu Magdalene tu kwenda kaburini, Mathayo anataja wawili, Marko watatu, Luka wengi. Kumtaja mmoja siyo kusema alikuwa peke yake, na ukimsoma Yohana vizuri utaona Mariamu anawaambia kina Petro "hatujui walikomweka", hatujui, siyo sijui. Maneno yaliyobandikwa juu ya msalaba nayo yameandikwa kwa namna nne lakini "mfalme wa Wayahudi" ipo kwenye zote. Hapa sioni kesi.

DHANA: Ukiunganisha vipande vyote vitakaa

Kwa Yuda Iskariote, yule aliyemsaliti Yesu, kesi ipo, na wahubiri wanaipita haraka sana. Mathayo 27: Yuda anajuta, anatupa vile vipande 30 vya fedha hekaluni, anaenda kujinyonga, makuhani ndio wananunua konde la mfinyanzi kwa hela hiyo. Matendo 1: Yuda mwenyewe ananunua konde, anaanguka, anapasuka, matumbo yanatoka. Jibu la siku zote ni kwamba alijinyonga halafu kamba ikakatika. Sawa, hilo linatatua kifo, linawezekana kabisa. Lakini nani alinunua konde? Wanasema makuhani walinunua kwa niaba yake kwa kuwa hela ilikuwa yake, hapo tayari tumeshaanza kunyoosha mkono mbali. Halafu kwa nini liliitwa konde la damu? Kwa Mathayo ni kwa sababu ile hela ilikuwa bei ya damu ya Yesu, kwa Matendo inaonekana ni damu ya Yuda mwenyewe pale alipoangukia. Kamba kukatika haijibu hilo.

Mi nasoma hivi: watu wa Yerusalemu walilijua konde lenyewe, walijua msaliti alikufa vibaya na hela ya usaliti imo kwenye stori, halafu habari ikasimuliwa kwa njia mbili. Mathayo anaisimulia huku jicho lake liko kwa manabii, ndo maana anamtaja Yeremia ingawa yale maneno ya vipande 30 yako karibu zaidi na Zekaria 11. Matendo anaisimulia kama hukumu ya mtu mwovu. Ukilazimisha stori moja unatengeneza ya tatu ambayo hakuna kati yao aliyeiandika, na unakosa walichotaka kusema wote wawili.

DHANA: Chukua mstari, uamini kama ulivyo

Mithali 26:4, "Usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake". Mstari wa 5, unaofuata palepale, "Mjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake". Utaamini upi? Aliyeipanga hakuwa amelala, aliiweka pamoja makusudi, kwa sababu methali siyo kifungu cha sheria, unaipima kwa mtu na kwa wakati, na Mswahili yeyote aliyelelewa na bibi anajua haraka haraka haina baraka na ngoja ngoja huumiza matumbo, na hajawahi kumshtaki bibi kwa kujipinga.

Yeremia 29:11 nayo, ile ya "mawazo ya amani" inayobandikwa kwenye statasi kila Januari, ni barua kwa mateka waliopelekwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia ahadi ni baada ya miaka 70. Wengi waliosomewa barua ile walizikwa huko huko. Soma juu na chini ya mstari, uliza nani anaandikiwa, ndo uanze kudai gari.

DHANA: Saa za kusulubiwa zinagongana kwa sababu hesabu ni mbili

Marko 15:25 ilikuwa saa tatu wakamsulubisha. Yohana 19:14 yapata saa sita na Pilato bado hajamtoa asulubiwe. Sisi tuna bahati, saa zao zinahesabiwa kuanzia macheo kama zetu, hakuna cha kugeuza. Wapo wanaosema Yohana alihesabu kuanzia usiku wa manane kama Warumi, ila Warumi nao saa za mchana walizihesabu kuanzia jua kuchomoza, na Yohana huyo huyo anamkalisha Yesu kisimani saa sita akiwa kachoka na safari, ambayo ni mchana wa jua kali. Wengine wanasema zamani bila saa ya mkononi watu walikadiria tu, na hilo lina uzito, maana Yohana mwenyewe kasema "yapata".

Ila angalia Yohana kaongeza nini: ilikuwa Maandalio ya Pasaka, yaani siku ya kuiandaa. Kwa Marko, Yesu ameshakula Pasaka na wanafunzi usiku uliopita. Kwa Yohana Pasaka bado haijaliwa, na mchana ule ndo wanakondoo wanachinjwa hekaluni. Na Yohana ndiye pekee ambaye kwenye sura ya kwanza alishamleta Yohana Mbatizaji anasema tazama Mwanakondoo wa Mungu. Wataalamu wengi wanaona hapo Yohana kaipanga siku kwa makusudi, Yesu afe kama mwanakondoo wa Pasaka, wengine wanasema kulikuwa na kalenda mbili. Mi niko na hao wa kwanza.