Nyota ikilipuka, utaijuaje?

Usiku mmoja wa kaskazi nilikuwa Mama Ngina, ufukweni Mombasa, na ami yangu, tumekaa ukutani tunakula mhogo wa kukaanga. Mwanga ukawaka ghafla juu ya bahari, mkali kuliko Zuhura, ukazimika kabla sijamaliza kutafuna. Nikatangaza: "Ami, hiyo ni supanova. Nyota imelipuka." Akaniuliza, "Mbona sikusikia kishindo, mwanangu?" Nikamweleza kwamba sauti haisafiri kwenye ombwe, mahali pasipo hewa. Katika yote niliyosema usiku ule, hilo peke yake ndilo lilikuwa kweli.

Yaelekea ilikuwa setilaiti, ubavu wake ukaakisi jua kwa nukta chache. Supanova haimweki hivyo. Neno "mlipuko" ndilo linalotuponza: tunangojea kitu kama fataki, kumbe kwa macho supanova ni kitu kitulivu mno. Ni kitone cha nuru kama nyota nyingine yoyote, mahali ambapo juzi hukuona nyota. Hakitembei, hakizimiki. Kesho utakikuta kati ya majirani walewale, na wiki ijayo, na pengine mwezi ujao.

Ile ya mwaka 1987 ndiyo iliyonikomesha. Iligunduliwa Februari 24 na mwanaastronomia Ian Shelton kwenye kituo cha darubini cha Las Campanas, Chile, katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, umbali wa miakanuru kama 168,000. Ilionekana bila darubini. Na ilifikia kilele cha mng'ao wake lini? Mwezi Mei! Karibu miezi mitatu baada ya kulipuka.

Inawezekanaje? Fikiria jiko la makaa. Ukimwagia mafuta ya taa na kuwasha, moto hulipuka fuu! ukatulia, lakini chai haiivi kwa ule mwale, huiva kwa makaa. Mlipuko wa nyota hufua nikeli yenye mnururisho, na hiyo ndiyo makaa. Kila siku sita hivi, nusu ya nikeli iliyobaki hugeuka kobalti. Kobalti nayo huchukua siku 77 kupungua nusu, ikigeuka chuma cha kawaida. Kila mgeuko hutoa joto, na mabaki ya nyota huendelea kung'aa.

Ila nuru hiyo haitoki papo hapo. Umewahi kushuka feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni? Mlango umefunguliwa, nawe uko katikati: unasukumwa kushoto, unagongana na mkokoteni, unarudi nyuma hatua mbili. Hutoki mpaka umati utawanyike. Nuru iliyozaliwa ndani ya mabaki hayo hugongana vivyo hivyo na chembe za gesi, na hupata njia kadiri wingu linavyotanuka na kuwa jepesi. Mfano huu hauzitoshei supanova zote sawasawa. Nyingine, hasa zenye hidrojeni nyingi, kwa wiki nyingi hung'aa kwa joto lililobaki la mlipuko wenyewe, na makaa huonekana baadaye.

Nisijidhulumu sana: mmweko wa kwanza upo. Septemba 2016, Víctor Buso, fundi makufuli wa Argentina, alikuwa akijaribu kamera mpya kwenye darubini yake. Aliielekeza kwenye galaksi iliyokuwa karibu utosini, akanasa supanova ikianza kuchomoza. Hata huo haukuwa mmweko wa kupepesa jicho. Ulipanda picha baada ya picha, na bila darubini asingeona kitu.

Kwa macho matupu, kwenye galaksi yetu, ya mwisho kuonekana ni ya Oktoba 1604. Fort Jesus ilikuwa imeanza kujengwa miaka kumi na moja tu nyuma, na kutoka kuta zake nyota hiyo ingeonekana upande wa magharibi jua likishatua. Makadirio ya kawaida ni supanova moja hadi tatu kwa karne katika galaksi yetu, lakini nyingi hufichwa na vumbi, kwa hiyo hesabu hiyo si ya kuwekea dau.

Kwa hiyo anayetaka kuiona hukariri anga. Mchungaji mmoja wa Australia, Robert Evans, alikuwa na galaksi nyingi kichwani hata akaona kwa jicho lake kwenye darubini supanova zaidi ya 40. Sisi wa Mombasa tuna bahati ya kukaa nyuzi nne tu kusini mwa ikweta: Wingu la Magellan hupanda kusini kiasi cha shubiri moja na kidogo ya mkono ulionyooshwa, na kundi la nyota la Jabari (Orion) hupita karibu na utosi. Taa za mji na unyevu wa bahari hula sehemu kubwa, basi afadhali utoke kisiwani.

Ukiona nyota ngeni, usipige simu bado. Ndege inayokujia uso kwa uso ikitafuta uwanja wa Moi huweza kusimama kama nyota kwa dakika nzima. Sayari nazo hupita kwenye njia ileile ya jua na mwezi, basi ngeni aliye kwenye njia hiyo huenda ni sayari tu. Chora nyota za jirani kwenye karatasi, nenda kalale, kesho urudi uangalie. Ami yangu alinishauri hivyo usiku uleule, nikamwona hajui sayansi.