Je, wajua kwa nini noti kuukuu za Kasai zilizishinda noti mpya za Kinshasa?

Zaire ilipoanza kutumika kama sarafu ya Kongo (leo DRC) mwaka 1967, zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Kufika Desemba 1992, serikali ya rais Mobutu ilikuwa inatoa noti moja ya zaire milioni 5. Hazina ilikuwa tupu, na kila mishahara ilipokwama dawa ilikuwa moja: kuchapisha noti zaidi.

Étienne Tshisekedi, waziri mkuu aliyekuwa akivutana na Mobutu, alitangaza kwamba noti hiyo si halali. Januari 1993 askari wakalipwa kwa noti hiyo hiyo. Wakaenda nayo dukani, mwenye duka akaikataa. Sasa mwambie mtu mwenye bunduki kwamba mshahara wake ni karatasi! Kinshasa iliporwa, na balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, akauawa.

Oktoba ikaja "zaire mpya": ulitoa za zamani milioni 3, ukapewa mpya 1. Sifuri zilipungua, lakini uchapishaji haukukoma. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000.

Mikoa miwili ya Kasai, ngome ya Tshisekedi, iliikataa pesa hiyo na kubaki na noti za zamani. Sidhani kama wengi walipiga hesabu za uchumi. Walichokuwa nacho ni hasira na Mobutu. Ila hasira hiyo iliwafaa. Hakuna aliyekuwa akichapisha tena noti za zamani. Zilizokuwepo zilizidi kuchakaa mikononi mwa watu, huku almasi za Mbuji-Mayi, mji wa Kasai, zikiendelea kuuzwa na biashara ikiendelea. Pesa haikuongezeka kiholela, basi bei nazo hazikukimbia kama za Kinshasa.

Tofauti ilionekana wazi mwaka 1998, Mobutu akiwa ameshaondoka, faranga ya Kongo ilipoanza. Kupata faranga 1 ulitoa zaire mpya 100,000. Kwa kiwango cha 1993, hizo ni sawa na zaire za zamani bilioni 300. Mtu wa Kasai, kwa faranga hiyo hiyo 1, alitoa za zamani milioni 14 tu. Yaani noti yake iliyochakaa ilikuwa na thamani zaidi ya mara 21,000 ya ile iliyopangwa na Kinshasa.