Sikio Linauma Ndege Ikishuka: Anza Mapema

Ndege ikipaa hakuna shida. Ikianza kushuka, sikio linachoma kama limechomekwa msumari. Hapo ndipo abiria wengi hubana pua na kupuliza kwa nguvu zote, na mara nyingi wameshachelewa.

Ukitaka kuelewa, chukua chupa ya plastiki, maliza maji yake ndege ikiwa juu, kisha kaza kifuniko. Mkitua itakuwa imebonyea, mbavu zimeingia ndani. Kiwambo cha sikio nacho husukumwa ndani vivyo hivyo. Nyuma yake kuna kijumba cha hewa, na njia yake ya hewa ni mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua. Ndege ikipaa, hewa hupenya kutoka bila taabu. Ikishuka, mrija hulala umejifunga mpaka misuli iuvute, yaani umeze au upige mwayo. Mgandamizo wa nje ukishazidi sana, misuli inashindwa kuufungua.

Kwa hiyo anza dakika 30 kabla ya kutua, kabla hujasikia chochote. Kama umelala, amka, maana usingizini mtu humeza mara chache. Tafuna bigijii au nyonya pipi, umeze mate kila baada ya nusu dakika hivi. Sikio likigoma, bana pua halafu meza. Mimi napenda njia hii kuliko kupuliza, kwa sababu ni vigumu kujiumiza nayo. Ukilazimika kupuliza, bana pua, funga mdomo, sukuma hewa taratibu sekunde 2 au 3, basi. Kupuliza kwa nguvu kunaweza kujeruhi sikio la ndani.

Unakotua nako kuna maana. Katika safari ndefu, hewa ndani ya ndege inaweza kuwa nyepesi kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400. Nairobi iko kwenye mita 1,600 na zaidi, hivyo sikio halina safari kubwa ya kushuka. Dar es Salaam na Mombasa ziko usawa wa bahari. Huko ndiko masikio hupata kazi. Ndege ndogo kama Cessna Caravan, zinazotoka mbugani kwenda Zanzibar, hazidhibiti kabisa mgandamizo wa ndani, kwa hiyo sikio linashuka na kila mita ya ndege.

Mtoto mchanga mnyonyeshe au mpe chupa wakati wa kushuka, akiwa ameinuliwa kichwa. Asinyweshwe mapema, akashiba na kulala ndege ingali juu.

Mafua ndiyo adui mkubwa, kwa kuwa mrija wenyewe huvimba. Mtu mzima anaweza kupuliza puani dawa ya kuzibua pua saa moja kabla ya kutua. Safari fupi, kabla ya kupanda. Mwenye shinikizo la damu au mjamzito aulize kwanza daktari au mfamasia. Mafua yakiwa makali na pua haipitishi hewa kabisa, ni heri kuahirisha safari.

Mkishatua sikio likabaki limeziba, endelea kumeza na kupiga miayo; kwa kawaida huachia ndani ya saa chache. Usitie mafuta wala kuchokoa kwa pamba: kilichoziba kiko nyuma ya kiwambo, havifiki. Ukiona damu au majimaji, ukipata kizunguzungu au usikivu ukipotea ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo.