Viti 18 vya Kaunti ya Wexford: maana ya "uwakilishi" katika Bunge la kale la Ireland

Ukikuta mahali kwamba Kaunti ya Wexford, kusini-mashariki mwa Ireland, iliwahi kuwa na wabunge 18 jijini Dublin, usikimbilie kudhani watu wake walikuwa na sauti kubwa. Hesabu ni ya kweli. Ila neno "uwakilishi" siku zile lilibeba maana nyingine.

Bunge lenyewe lilikoma tarehe 1 Januari 1801, Ireland ilipounganishwa na Uingereza. Baraza lake la chini lilikuwa na viti 300, na kwa Kiswahili tungeliita Bunge la Makabwela, jina la kuchekesha kidogo, maana kabwela hakuwa na nafasi ya kuketi humo. Kaunti zote 32, kubwa kwa ndogo, zilipeleka wabunge wawili wawili. Viti vingine karibu vyote vilikuwa vya miji iliyopewa hati na mfalme, nayo kila mmoja ulipeleka wawili. Wexford ilikuwa na miji ya namna hiyo minane: Wexford wenyewe, New Ross, Enniscorthy, Gorey, Fethard, Taghmon, Clonmines na Bannow. Kwa hiyo katika wale 18, wabunge wa kaunti yenyewe walikuwa wawili tu.

Wawili hao ndio waliokuwa na heshima zaidi, kwa kuwa angalau walipigiwa kura na watu wengi. Mpiga kura alitakiwa kuwa na ardhi, ya milki au ya mkataba wa maisha, yenye thamani ya shilingi 40 kwa mwaka. Kura ilitamkwa kwa mdomo hadharani, na mpangaji alijua fika kwamba kabaila wake ataambiwa alichosema. Wakatoliki, waliokuwa wengi kuliko wote nchini, walifungiwa mlango wa bunge tangu 1692, kisha 1728 wakanyang'anywa na kura. Mwaka 1793 kura walirudishiwa, kiti hapana. Uchaguzi nao ulikuwa adimu: bunge la Mfalme George II lilidumu tangu 1727 hadi alipofariki 1760. Sheria ya kuita uchaguzi kila baada ya miaka minane ilikuja 1768.

Mijini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mara nyingi waliochagua ni wajumbe wachache wa baraza la mji, na wajumbe hao waliteuliwa na familia yenye ardhi. Kiti kikawa mali ya mtu: hurithiwa, huuzwa, hupewa mkwe. Mfano unaonivutia kuliko yote ni Bannow. Wanormani, wavamizi kutoka ng'ambo ya bahari, waliteremka kwenye ghuba yake mwaka 1169, mji ukajengwa, halafu mchanga wa bahari ukaufunika taratibu hadi yakabaki magofu ya kanisa. Wakazi waliondoka, hati haikuondoka. Bannow iliendelea kupeleka wabunge wawili Dublin mpaka mwaka 1800, na husimuliwa kwamba uchaguzi ulifanyiwa kwenye bomba la moshi lililochomoza mchangani.

Si kwamba wabunge hao wote walikuwa bure. Charles Tottenham wa New Ross anakumbukwa kwa kisa cha 1731: inasemekana alipanda farasi usiku kucha, akaingia bungeni na mabuti yenye matope, na kwa kura yake fedha za ziada za hazina zikanusurika kupelekwa Uingereza kwa tofauti ya kura moja. Naye Cornelius Grogan, aliyekuwa mbunge wa Enniscorthy kuanzia 1768 hadi 1776, alinyongwa kwenye daraja la Wexford mwaka 1798 baada ya maasi makubwa dhidi ya utawala wa Uingereza. Chama cha Waairishi Walioungana, kilichokuwa nyuma ya maasi hayo, kilianza kwa kudai bunge lirekebishwe.

Muungano ulipokuja, viti 18 vya Wexford vikawa vinne katika bunge la London: viwili vya kaunti, kimoja cha mji wa Wexford na kimoja cha New Ross. Miji sita ikafutwa, na kila mji uliofutwa ulilipiwa fidia ya pauni 15,000. Fedha hizo hawakupewa wapiga kura, walipewa wenye viti. Bannow nayo ililipiwa kamili, mchanga wake na yote.