Nguvu za Mkono Hazishoni Kijitabu

Nimeletewa tena kijitabu kilichoshonwa nyumbani, mkunjo umechanika kuanzia tundu la kati, na swali ni lile lile: je, uzi ungekazwa zaidi, au ungetafutwa ulio mnene? Jibu langu ni hapana, mara mbili. Imani kwamba uimara unatokana na kuvuta kwa nguvu imekwisha kuchana karatasi nyingi kuliko panya.

Kushona kwenyewe ni kufupi. Karatasi 8 za A4 za gramu 80 kwa mita ya mraba zikikunjwa pamoja hutoa kurasa 32. Jalada la manila huvikwa nje, kisha msharasi hutoboa matundu matatu ndani ya mkunjo. Sindano huanzia ndani na kutoka nje kwa tundu la kati, hurudi ndani kwa la juu, huliruka la kati na kutoka kwa la chini, halafu huingia tena kwa la kati. Ncha mbili za uzi zikae pande mbili za uzi mrefu ulionyooka, ndipo zifungwe fundo.

Sasa tuje kwenye kuvuta. Kinachochana karatasi hasa ni mwelekeo. Anayeuvuta uzi kuelekea kifuani mwake anaufanya ukate ukingo wa tundu, na tundu hugeuka mpasuko ambao hakuna gundi itakayouponya. Uzi uvutwe sambamba na mgongo, kufuata upande unakoelekea kushona, huku kidole cha mkono wa pili kikiwa kimeukandamiza mkunjo karibu kabisa na tundu. Ukishalala bapa bila kulegea, basi, uachwe. Uzi mnene nao hudai tundu kubwa, na tundu kubwa ndilo udhaifu wenyewe tuliokuwa tukiukimbia, sembuse fundo linalovimba hadi jalada likatae kufunga!

Liko jambo moja ambalo mafundi husisitiza nami nina shaka nalo kidogo: kwamba nyuzinyuzi za karatasi yenyewe zilale sambamba na mkunjo. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzinyuzi zinazofuata upande mrefu, kwa hiyo ukizikunja kuwa A5 mkunjo unazikata nyuzinyuzi hizo. Sijashawishika kwamba kijitabu chembamba hufa kwa sababu hiyo, ingawa ni kweli hakilali bapa kinapofunguliwa. Asiyetaka mashaka achukue A3 yenye nyuzinyuzi za upande mrefu, aikate nusu, ndipo akunje. Kingo zikatwe baada ya kushona, kwa kuwa karatasi za ndani husukumwa nje na zile zinazozizunguka.