Ushirikiano wa Kozi Baina ya Vyuo Vikuu katika Kufundisha Lugha za Asili: Maana Yake na Namna Unavyofanya Kazi

Ushirikiano wa kozi ni makubaliano ambayo kwayo mwanafunzi aliyesajiliwa katika chuo kikuu kimoja husoma kozi inayofundishwa na chuo kikuu kingine bila kuhama, bila kuomba udahili upya na, kwa kawaida, bila kulipa ada mahali pawili. Kozi huorodheshwa miongoni mwa kozi za chuo chake, ada hulipwa huko huko, na alama anazopewa na mhadhiri wa chuo cha pili huingia katika hati yake ya matokeo kama alama nyingine zote. Utaratibu huu unaweza kutumika katika somo lolote, lakini umeota mizizi hasa katika lugha zinazosomwa na watu wachache, na miongoni mwa hizo lugha za jamii za asili za bara la Amerika zina nafasi ya pekee, kwa sababu uhaba wa walimu wake ulitokana na sera zilizotungwa kwa makusudi.

Inafaa kuutofautisha na mambo mengine yanayofanana nao. Katika uhamisho wa krediti, mwanafunzi husoma kwingine kwa gharama yake kisha huomba matokeo yatambuliwe, bila uhakika kwamba yatakubaliwa. Katika ushirikiano wa kozi suala hilo limekwisha kuamuliwa kabla hajajisajili. Katika mpango wa kubadilishana wanafunzi mtu husafiri na kuishi kwingine, ilhali hapa hakuna anayefunga mizigo. Kozi huria za mtandaoni nazo ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa hupokea maelfu ya watu na kuwaacha wajisomee kwa kutazama video. Darasa la lugha linaloshirikiwa ni dogo, hukutana mubashara kwa saa zilizopangwa, na mhadhiri humwita kila mwanafunzi kwa jina lake na kumsahihisha papo hapo.

Sababu ya msingi ya kuanzisha utaratibu wa namna hii ni hesabu ya idadi. Idara nyingi haziruhusiwi kuendesha darasa lisilofikia kiwango fulani cha wanafunzi, na lugha ya asili mara chache hufikia kiwango hicho katika chuo kimoja. Tuseme chuo kimoja kina wanafunzi wanne wanaoitaka, cha pili watatu, cha tatu wawili: kila chuo peke yake kitafuta darasa, lakini kwa pamoja wanatimia tisa, idadi inayotosha vizuri kwa somo la lugha. Tatizo huwa kubwa zaidi katika mwaka wa pili na wa tatu, kwani wanafunzi hupungua kila hatua, na vyuo vikuu vingi vya Marekani huwataka wanafunzi wa fani na sayansi za jamii wasome lugha ya pili kwa mihula inayoweza kufikia minne. Chuo kinachofundisha lugha ya asili kwa mihula miwili tu kinamlazimisha mwanafunzi aiache njiani na kurudi kwenye Kihispania au Kifaransa ili amalize shahada. Kwa maoni yangu, thamani kubwa ya ushirikiano wa kozi imo katika madarasa haya ya juu, ambayo bila wanafunzi wa vyuo vingine yasingefunguliwa kabisa.

Umuhimu wa ngazi hizo unaonekana mara tu mtu anapoitazama lugha yenyewe kwa karibu. Katika Kiojibwe, kinachozungumzwa kuzunguka Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, Marekani na Kanada, nomino zote zimegawanyika katika kundi la vyenye uhai na kundi la visivyo na uhai, na mgawanyo huo hauendi sawa na ule wa biolojia: jiwe, yaani asin, limo katika kundi la vyenye uhai, na kiatu, yaani makizin, kimo katika kundi la pili. Kitenzi nacho hubadilika kwa kufuata kundi la kitu kinachotendwa, hivyo msemaji anayeliona jiwe husema niwaabamaa, naye anayekiona kiatu husema niwaabandaan. Msomaji aliyezoea upatanisho wa ngeli hatashangazwa na wazo hilo, lakini ataelewa pia kwamba mambo haya hayashikwi kwa miezi michache. Muhula wa kwanza humfikisha mwanafunzi kwenye kujitambulisha, ambako hutaja jina lake, mahali anapotoka na, akiwa wa jamii hiyo, ukoo wake, unaoitwa doodem. Kutoka hapo hadi kuweza kufuata maongezi ya mzee anayezungumza kwa kasi yake ya kawaida ni mwendo wa miaka.

Mitandao ya aina hii ipo kadhaa nchini Marekani. Big Ten Academic Alliance, muungano wa kitaaluma wa vyuo vikuu vya Big Ten (ligi ya michezo ya vyuo vikuu vya Marekani), uliozaliwa mwaka 1958 kwa jina jingine na kuchukua jina la sasa mwaka 2016, una mpango wa kushirikiana kozi ambao kwa sehemu kubwa umehusu lugha zisizofundishwa sana. University of Minnesota, wenye idara ya masomo ya jamii za asili iliyoanzishwa mwaka 1969 na inayofundisha Kiojibwe na Kidakota, ni mmoja wa wanachama wake. Columbia, Cornell na Yale vilianza mpango wao mwaka 2012, vikiunganisha kumbi za madarasa kwa video. Duke, University of Virginia na Vanderbilt viligawana kazi kwa namna iliyo wazi sana: cha kwanza kilichukua Krioli ya Haiti, cha pili Kitibeti, na Vanderbilt Kik'iche', lugha ya Kimaya inayozungumzwa na watu wapatao milioni moja nchini Guatemala. Mfano huu wa mwisho unanivutia kwa sababu hakuna chuo kilichobaki kuwa mpokeaji tu. Kila kimoja kilitoa na kila kimoja kilipata.

Haiwezekani kueleza haja ya mpango huu bila kutaja yaliyopita. Carlisle Indian Industrial School, iliyofunguliwa Pennsylvania mwaka 1879 na kufungwa mwaka 1918, ilikuwa kielelezo cha shule nyingi za bweni ambamo watoto wa jamii za asili walitengwa na wazazi wao na kukatazwa kusema lugha zao. Kizazi kilichoadhibiwa kwa kusema lugha ya mama hakikuwa tayari kuwarithisha watoto wake lugha hiyo, na ndiyo maana leo wasemaji hodari wa lugha kadhaa ni wazee wachache. Vyuo vikuu navyo haviko nje ya historia hii: sheria ya Morrill ya mwaka 1862 ilifadhili vyuo vingi vya umma kwa ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa jamii hizo. Ilichukua hadi mwaka 1990 ndipo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya lugha za wenyeji, ambayo pamoja na mambo mengine inavihimiza vyuo kuziingiza lugha hizi katika mitaala kama zinavyoingizwa lugha za kigeni na kuutambua umahiri wake kwa krediti kamili. Ushirikiano wa kozi ni mojawapo ya njia za kulifanya himizo hilo liwe darasa halisi lenye mwalimu na wanafunzi.

Katika uendeshaji, ugumu mara nyingi hutoka mahali pasipotarajiwa. Kalenda ni mfano mmoja. Vyuo vyenye mihula miwili kwa mwaka hugongana na vile vinavyogawa mwaka katika vipindi vya majuma kumi hivi, na hata vyuo vyenye mfumo mmoja huanza na kufunga kwa tarehe tofauti, jambo linalomfanya mwanafunzi aanze kozi kabla wenzake wa chuo chake hawajarudi kutoka likizo. Saa nazo hutofautiana: kipindi cha saa nne asubuhi Minnesota ni saa tano Michigan na saa mbili katika jimbo la Washington, ambalo chuo chake kikuu kilijiunga na Big Ten mwaka 2024 pamoja na vingine vitatu vya pwani ya Pasifiki. Kuna pia usajili, tarehe ya mwisho ya kuacha kozi, mizani ya alama na huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu, na kila kimoja kinahitaji mtu ofisini anayejua ni kanuni za chuo gani zinazofuatwa. Mipango inayofaulu huwa na mratibu mmoja katika kila chuo ambaye kazi hii imo katika majukumu yake rasmi.

Teknolojia inastahili uangalifu kwa sababu ya sauti zaidi kuliko picha. Kik'iche' hutofautisha k, k', q na q', na mwanafunzi anayesikiliza kwa spika duni hataweza kuzitenganisha. Kiojibwe hutofautisha irabu fupi na ndefu, na pia kina kituo cha koo, yaani konsonanti inayotamkwa kwa kuifunga pumzi kooni kwa ghafla, ambacho programu ya mkutano wa video, katika kupunguza kelele, yaweza kukimeza. Ndiyo sababu vyuo vingine hupendelea kuwakusanya wanafunzi katika chumba chenye maikrofoni nzuri kuliko kumwacha kila mmoja na kompyuta yake bwenini. Chumba kina faida nyingine pia, kwa kuwa wanafunzi wawili walioketi pamoja huendelea kuzungumza baada ya skrini kuzimwa.

Kurekodi vipindi ni suala zito kuliko hayo yote. Chuo kikuu kwa mazoea hurekodi somo, hulihifadhi kwenye seva na huliona kuwa mali yake, lakini jamii zenye lugha hizi zina kanuni zao kuhusu nani aseme nini, wakati gani na mbele ya nani. Kwa Waojibwe, kwa mfano, baadhi ya masimulizi matakatifu husimuliwa majira ya baridi tu, theluji ikiwa imefunika ardhi. Video ya simulizi kama hilo inayoweza kutazamwa katikati ya kiangazi, tena na watu wa vyuo kadhaa, inavunja kanuni hiyo hata kama hakuna aliyekusudia ubaya. Makubaliano mazuri ya kushirikiana kozi hutaja mapema ni vipindi gani vitarekodiwa, nani ataviona, vitafutwa lini, na ni nani katika jamii mwenye sauti ya mwisho. Naamini kifungu hiki kingepaswa kuandikwa kabla ya vile vya ada na krediti.

Hatari kubwa ya mpango wenyewe ni kwamba unaweza kugeuzwa kisingizio. Msimamizi anayetazama bajeti anaweza kusema kwamba kwa kuwa Kiojibwe tayari kinapatikana kutoka chuo jirani, hakuna haja ya kuajiri mwalimu hapa, na kwa hoja hiyo lugha iliyokuwa na uwezekano wa kupata walimu watatu inabaki na mmoja aliyeelemewa. Mwalimu huyo akistaafu au akiugua, vyuo vyote vinabaki mikono mitupu kwa siku moja. Kwa hiyo makubaliano yanapaswa kuonyesha fedha zinavyomfikia anayefundisha, iwe kwa kugharimia mshahara kwa pamoja au kwa kuajiri mwalimu msaidizi anayekua chini ya yule wa kwanza. Vilevile wapo wasemaji hodari wasio na shahada, na chuo kinachong'ang'ania vyeti kitawakosa watu wanaohitajika kuliko wote. Vyuo vya jamii za asili zenyewe, ambavyo vilianza mwaka 1968 kwa chuo cha Wanavajo kinachoitwa sasa Diné College, mara nyingi viko karibu zaidi na wasemaji hao, na ushirikiano unaovifanya vyuo hivi vifundishe na vyuo vikubwa vipokee unastahili kuenea kuliko ulivyo leo.

Mbali na Amerika, Australia inatoa kielelezo kizuri cha mpangilio huo. Charles Darwin University, iliyoko Darwin katika Northern Territory, ilishirikiana na wasemaji wa Bininj Kunwok wa magharibi mwa Arnhem Land kutengeneza kozi ya mtandaoni ya lugha hiyo, na wanafunzi wa Australian National University, iliyoko mji mkuu wa Canberra, wameweza kuisoma pia. Maudhui yalitoka kwa wenye lugha, na vyuo vilichangia jukwaa na utambuzi wa krediti.

Mwanafunzi anayefikiria kujiunga na kozi ya namna hii ana maswali machache ya kuuliza kabla ya tarehe ya usajili kupita: kama mwaka wa pili utafundishwa na haujaandikwa tu kwenye orodha, kama krediti zinatimiza sharti la lugha katika shahada yake au zinahesabiwa kuwa kozi za hiari, nani atamhudumia chuoni kwake mambo yakikwama, na kama jamii yenye lugha ina fursa za ana kwa ana, kama kambi za majira ya joto au meza za mazungumzo, ambazo wanafunzi wa mbali wanakaribishwa. Swali la mwisho halifai kuachwa, kwa kuwa darasa la skrini humpa mtu sarufi na msamiati, ilhali kuzoea kusema hupatikana akiwa na watu wanaoishi kwa lugha hiyo.