Je, Wajua Kwa Nini Saratani ya Mapafu Huweza Kuandama Ukoo Mmoja?

Mtu anapofariki kwa saratani ya mapafu, iwe Kampala au Arua, jamaa huanza kuulizana kama ugonjwa huo umo katika damu ya ukoo. Kwa kweli saratani yenyewe hairithiwi. Mabadiliko ya jeni yanayouzaa uvimbe huo kwa kawaida hutokea ndani ya seli za mapafu katika maisha ya mgonjwa, na kwa kuwa hayamo katika mbegu wala katika yai, hayamfikii mtoto.

Hata hivyo, mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja aliugua ana hatari inayokaribia mara 1.5 hadi 2 ya ile ya mtu asiye na historia hiyo, na tofauti hiyo haiishi hata watafiti wanapozingatia nani alivuta sigara na nani hakuvuta. Hatari huzidi ikiwa mgonjwa huyo aliupata akiwa na umri mdogo.

Katika familia chache sana kinachorithiwa ni jeni moja yenye kasoro, kwa mfano TP53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zilizoharibika zisiendelee kugawanyika. Kwa walio wengi ni tofauti ndogo ndogo nyingi za jeni, na iliyo ya ajabu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile iliyotambuliwa mwaka 2008 katika kromosomu ya 15, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, penye jeni za vipokezi vya nikotini, yaani sehemu za seli zinazoipokea kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu awe mraibu: wenye aina fulani ya jeni hizo huelekea kuvuta sigara nyingi zaidi kwa siku, hivyo sehemu ya urithi huo hupitia kwenye pakiti ya sigara.

Jamaa pia huishi katika hewa moja. Mtoto wa mvutaji huvuta moshi wa mzazi wake, na nyumba nyingi za Uganda hupikia kuni au makaa, ambayo moshi wake ndani ya nyumba wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanauhesabu kuwa huenda unasababisha saratani. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti tumbaku inakataza kuvuta sigara katika maeneo ya umma, lakini jikoni haifiki.

Mwenye historia hiyo amweleze daktari nani aliugua, akiwa na umri gani, na kama alivuta sigara. Kikohozi kisichokoma hupimwa kwanza kifua kikuu, na ni haki kufanya hivyo. Lakini dawa zisipoleta nafuu, aombe rufaa hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago tangu 1967.